Fundi Aliyepunguza Mwendo wa Saa

Fundi hakuvaa saa. Hilo ndilo jambo ambalo wageni wa hospitali walilicheka kabla ya jingine lolote, maana kazi yake yote ilikuwa kuzitawala saa na mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu. Ukimwuliza ni saa ngapi, alitazama nje ya dirisha, akafikiri, kisha akakujibu, "Muulize karani." Karani nilikuwa mimi. Nilifanya kazi katika maabara ya hospitali moja ya misheni huku Muleba kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo meza yangu ilikuwa hatua nne kutoka kwenye meza yake.

Nianze na neno zito, lisije likanikwama baadaye. Mtu huyu ndiye aliyemharibia dada yangu Koku maisha. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Na bado, katika watu wote niliofanya nao kazi, sikumpenda yeyote kama nilivyompenda yeye. Anayetaka nichague moja kati ya hayo mawili atasubiri sana.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mabega yaliyoinamia mbele kwa sababu ya kukaa. Mfukoni hakukosa kahawa kavu ya kutafuna, ile tunayomkaribishia mgeni nyumbani, na sakafu chini ya kiti chake ilijaa maganda. Mfagiaji alimlalamikia kila siku, naye kila siku aliomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, kesho yake maganda yakawa pale pale. Misani alichelewa mpaka watu wakajua kwamba Fundi akiingia, mahubiri yanakaribia kwisha. Na ndege ikipita kuelekea uwanja wa Bukoba aliacha alichokuwa akifanya, akanyamaza mpaka sauti ipotee kabisa, hata kama alikuwa katikati ya sentensi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Wafadhili walituletea kompyuta ndogo, ubao mmoja tu usio na skrini, wa kuendesha vyombo vya maabara kwa umeme wa jua. Ndani yake mlikuwa na mfumo wa bure, ambao mwenye ujuzi aliweza kuufungua mpaka kwenye kiini chake, pale ambapo mashine huamua nani apewe nini na kwa zamu ipi. Fundi aliufungua. Alikuwa amejifunza kutoka kwenye vitabu viwili vilivyoliwa na mchwa kwenye kona, na zile sehemu zilizoliwa alizikisia, mara nyingi kwa usahihi. Kila chombo kilihitaji kiendeshi chake, yaani kipande cha programu kinachokielewa chombo hicho na kukisemea mbele ya kiini. Kulikuwa na cha friji ya dawa za vipimo, cha mashine ya kusoma rangi, na cha kisanduku cha joto, tulimoweka sahani za damu zikae nusu saa kamili kabla ya kusomwa.

Vyote hivyo viliishi kwa mapigo. Kwenye ubao kulikuwa na saa moja kubwa, aliyoiita saa mama, na nyingine ndogo zilizochukua mapigo yake na kuyagawanya. Si saa za kuonyesha mchana na jioni, bali mapigo tu, mamilioni kwa sekunde, na kila chombo kilipima muda wake kwa kuyahesabu. Mama akipunguza mwendo, watoto wote wanapunguza, hata wale ambao hawajaambiwa.

"Kwa hiyo usiguse mwendo wa saa kabla hujajua nani anaitegemea," aliniambia siku ya kwanza aliponionyesha. "Umesikia, karani?"

"Nimesikia, tata," nikajibu, maana ndivyo Wahaya tunavyomwita baba.

"Rudia."

Nikarudia kama mtoto wa ekaristi ya kwanza. Alinifafanulia kwamba ndani ya kiini kuna adabu yake. Kiendeshi kikitaka saa ibadilishwe, hakinyooshi mkono chenyewe. Kinaomba, kiini kinapita kwa kila anayeitumia saa ile na kumwuliza, na yeyote ana haki ya kukataa. Akikubali, anapewa taarifa ya mwendo mpya ili arekebishe hesabu zake. Fundi aliupenda utaratibu huo kuliko mambo mengi ya serikali, na ya kanisa pia. "Hapa ndipo mahali pekee ninapopajua mkubwa anamwuliza mdogo," alisema, akatema ganda.

Mpole kwa mashine, mkali kwa watu. Kiendeshi kikigoma alikisemesha Kihaya kwa sauti ya chini, waitu hivi, waitu vile, kama anayembembeleza mgonjwa ale. Lakini mtaalamu wa maabara akichelewa kumletea betri, alisemwa mpaka akatafuta pa kujificha. Programu zake aliziandika kwanza kwa penseli kwenye madaftari ya shule, akazihariri kwa kifutio, ndipo aziingize. Pembeni mwa mistari aliandika maelezo ya kujikumbusha, kwa Kihaya, na mgeni mmoja kutoka Ulaya aliyeyaona aliuliza ni lugha gani ya kompyuta. Fundi akamjibu kwa Kiingereza safi kwamba ni ya zamani sana.

Habari za vita alinisimulia kwa kirefu mara moja tu, mchana, tukiwa kwenye ngazi za maabara tukingojea gari lenye sampuli kutoka Kanazi. Alikuwa mtu wa redio ya jeshi, upande wa ng'ambo ya mto. Betri zilikuwa haba, hivyo vituo viwili vilikubaliana kuwasha redio kwa saa maalumu tu, dakika kumi kumi. Kila kituo kilikuwa na saa moja ya mkononi. Ile ya kituo cha pili ilikuwa inachelewa, kidogo kila siku, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeuliza. Siku moja alipewa neno la kuwaambia waondoke pale walipo. Akalituma, akalirudia, akalirudia tena. Kule redio yao ilikuwa bado imezimwa.

"Dakika kumi zikaisha, nikazima," alisema. "Ndiyo ilikuwa amri, kutunza betri. Nilizima kwa wakati."

Nilimwuliza walikuwa wangapi kule. Akaniuliza kama lile vumbi si gari letu. Baadaye sana ndipo aliponiambia kwamba jioni ile aliivua saa yake, akaiacha juu ya kichuguu.

Miaka ninayoizungumzia ni ile ambayo tulikuwa na msiba kila Jumamosi, na wiki nyingine miwili. Kahawa iliiva ikaanguka yenyewe, maana wa kuichuma hawapo. Ukipita kijijini kwetu Ijumbi ulikuta kibanja kizuri, migomba imewekewa matandazo, na nyumba katikati yake imepigwa misumari. Wazee walilea wajukuu. Watu waliacha kumsifia mtu kwamba amependeza, kwa kuogopa kwamba wiki ijayo atakuwa amekonda. Dawa tulisikia zipo nchi nyingine. Kwetu, aliyeambiwa anao alikuwa ameambiwa siku zake, na paroko alikuwa ameanza kuwataka wachumba walete karatasi ya kipimo kabla ya tangazo la tatu la ndoa.

Koku alikuwa amesomewa matangazo mawili. Alikuwa mshonaji pale Ijumbi, mcheshi, mwenye maneno makali kunishinda, na mchumba wake alikuwa mwalimu wa Kanazi aliyekuwa akija kwa baiskeli akiwa ameshikilia tai isipeperuke. Alipima Alhamisi. Namba ya kichupa chake niliiandika mimi kwa mkono wangu, na Ijumaa asubuhi sahani yenye damu yake ikaingia kwenye kisanduku cha joto.

Sasa hapa inabidi nieleze kosa, kwa kuwa lilikuwa kosa la mtu mwangalifu. Ilikuwa masika, wingu limelala juu ya ziwa wiki nzima, na betri zilikuwa zinaishiwa kabla ya mapambazuko, friji inazimika, dawa za vipimo zinaharibika. Fundi akaamua kwamba betri zikishuka, saa mama ipunguzwe mwendo iwe nusu, ubao utumie umeme kidogo. Hakukurupuka. Aliketi na daftari siku tatu akiorodhesha kila kinachoitegemea saa ile, na kila kiendeshi akakiwekea mistari ya kuulizwa na kupewa taarifa. Mashine ya kusoma rangi, friji, vyote.

Cha kisanduku cha joto alikiruka. Kilikuwa kiendeshi chake cha kwanza kabisa, alichokiandika kabla hajaijua ile adabu ya kiini. Kilikuwa kinasoma mwendo wa saa mara moja tu, kompyuta inapowashwa, kinauweka kichwani na hakirudi kuuangalia tena. Hakukifungua kukikagua kwa sababu alidhani anakijua. Aliwauliza wote isipokuwa yeye mwenyewe.

Ijumaa ile betri zilikuwa chini tangu alfajiri. Saa mama ikapungua, kisanduku kikaendelea kuhesabu mapigo yale yale ya nusu saa, na nusu saa ikawa saa nzima. Damu ikikaa humo kupita kiasi, rangi inakolea, na damu ya mtu asiye na ugonjwa yaweza kusomeka kama ya mgonjwa.

Na mimi nililiona. Hapa ndipo hasira yangu huwa inakosa pa kwenda. Nilikuwa na desturi ya kusali rozari wakati sahani iko kwenye joto, rozari nzima na litania ya Bikira Maria, na kila mara nikifika amina, kisanduku kinalia. Siku ile nilimaliza, hakikulia. Nikaanza upya. Nikamaliza tena, nikawa naanza ya tatu ndipo kikalia. Nikajiambia, ni kwa sababu ya damu ya Koku, leo umesali kwa pupa, umemkimbiza Mama wa Mungu. Nikaona aibu, nikanyamaza.

Vishimo saba vya sahani vilikolea. Hata kile cha kulinganishia, ambacho kingepaswa kubaki cheupe, kilikuwa na rangi kidogo. Nilisema, "Leo rangi imezidi." Mtaalamu akasema ni dawa mpya, paketi imefunguliwa jana. Nikaandika namba saba kwenye daftari la majibu, ya nne ikiwa ya dada yangu.

Koku alipoambiwa alishukuru, akaikunja karatasi mara nne. Alirudi nyumbani akamaliza kushona magauni ya wasimamizi, akayapiga pasi na kuyapeleka kwa wenyewe. Wazee wa Kanazi walikuja, wakakaa, wakaondoka bila kugusa kahawa waliyopewa. Wiki ya tatu aliniaga akisema anakwenda visiwani na wanawake wanaofanya biashara ya dagaa.

"Huko unafuata nini?" nilimwuliza.

"Huko hawaulizi mtu," alisema. "Kila mmoja ametoka kwao. Niache, waitu, nimalizie nilichobakiza."

Wiki moja baada ya kuondoka kwake, tulikuwa tunakunywa chai maabara, na Fundi ananitania kwamba Wakatoliki wa Ijumbi tunasali kama tunafukuzwa. Nami nikamjibu kwa utani kwamba ni kweli, kuna Ijumaa nilisali rozari mbili na kisanduku kikaningoja. Aliacha kutafuna. Akaniuliza Ijumaa ipi. Nikamwambia. Akaniuliza mvua ilikuwaje siku hiyo. Kisha akanyoosha mkono na kuniomba saa yangu, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona ameshika saa ya mkononi.

Akaiweka saa yangu juu ya kisanduku, akazitoa betri mbili ili umeme ushuke, akakaa akitazama. Ilipita saa nzima. Kisanduku kilipolia alinirudishia saa, akaifuta kwanza kwa shati.

"Ni mimi," alisema.

Sista msimamizi alitaka mambo yaende polepole. Wale saba waitwe kwa barua, waambiwe ni marudio ya kawaida, yasitajwe mengine, watu wasije wakaikimbia hospitali. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akatoka, akachukua baiskeli. Ndani ya siku tisa aliwafikia sita, mlango kwa mlango, akawaambia kosa ni lake. Walipopimwa upya, wanne walikuwa wazima. Mmoja wao, mzee wa makamo, alimpiga kofi, kisha akamkumbatia, kisha akampiga tena. Fundi alinisimulia hilo bila kucheka wala kulalamika.

Wa saba alikuwa Koku; damu yake ya Alhamisi ile iliyobaki kwenye friji tuliipima upya, ikaonekana haina ugonjwa. Kumtafuta kulimchukua miezi saba, kisiwa hadi kisiwa, mitumbwi ya injini na kambi za wavuvi ambazo zinahama samaki wakihama. Alikwenda kila alipopata siku mbili za mapumziko. Alirudi anaumwa malaria, akapona, akaenda tena. Nilimwambia aache, nikamwambia pia asipompata asirudi mbele yangu. Maneno yote mawili niliyasema wiki moja.

Alirudi naye siku ya soko, mchana, Koku ametangulia na mfuko wa dagaa kichwani kama aliyetoka matembezini. Kule alikuwa ameishi na mvuvi mmoja, mtu mwema, aliyekwisha kuzikwa. Tulimpima mara tatu, siku tatu tofauti, saa yangu ikiwa juu ya kisanduku. Mara zote tatu rangi ilikolea, na safari hii mashine ilikuwa inasema kweli.

Nilimwuliza Fundi siku ya kipimo cha tatu, tukiwa wawili maabara, kama amemwambia. Kwamba lile jibu la kwanza lilikuwa la uongo, kwamba alikuwa mzima siku ile na angeweza kuolewa na mwalimu wake.

"Nimemwambia," alisema. "Amesamehe."

Koku aliishi miaka miwili baada ya hapo. Kila Jumatano Fundi alikuja Ijumbi, akamletea maziwa, wakakaa barazani wakimenya maharage na kubishana. Walibishana juu ya kila kitu, redio, siasa, namna ya kupika senene. Mama alisema hajapata kuona mgonjwa anayengoja kubishana kama wengine wanavyongoja dawa. Jumatano ya mwisho hakuwa na nguvu ya kujibu, Fundi akabishana peke yake, pande zote mbili. Dawa za kweli zilifika wilayani kwetu Koku akiwa amekwisha kupumzika.

Siku hizi mimi mwenyewe naandika viendeshi, kwa watu wanaotengeneza mita za maji, na wenzangu wadogo wananiona mkorofi kwa sababu nawarudishia kazi yoyote inayogusa mwendo wa saa bila kuuliza. Sijawaambia sababu. Fundi alistaafu akahamia Kibeta, kwenye nyumba ndogo yenye kibanja nyuma, na mwaka jana nilisikia macho yake yamekwisha. Nilimwendea alasiri moja na mkungu wa ndizi.

Alinitambua kwa hatua. Tuliongea habari za mvua, habari za waliokufa na waliostaafu. Kisha akaniambia ana neno, na kwamba amelibeba mpaka limemchosha.

"Koku sikumwambia," alisema. "Nilipomkuta kule kisiwani alikuwa anacheka na wenzake, anageuza dagaa juani. Nikashindwa. Nilimwambia tu mashine iliharibika, aje apimwe tena. Hakuniuliza. Ule msamaha niliutunga mimi. Dada yako amekufa hajui kwamba alikuwa mzima, na Jumatano zote zile nilikaa naye nikiwa mwongo. Nilitaka uniseme ukiwa na nafasi, kabla sijaondoka."

Alingoja. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na nilitazama ule wa kushoto, mtupu kwenye kifundo kama zamani.

"Alijua," nilisema. "Nilimwambia mimi, wiki ile ile uliyomrudisha. Nilidhani umekwisha kumwambia, nikaanza kumpa pole, akaniuliza pole ya nini."

"Akasema nini?"

"Alilia siku mbili. Kisha akaniapisha nisikuambie kwamba anajua. Alisema ukijua utaona haya, utaacha kuja."

"Miaka miwili," alisema Fundi.

"Miaka miwili alikuwa anajua, na kila Jumatano alikuwa anakungoja."

Akafunika uso kwa mikono. Ningeweza kunyamaza hapo, na yeye angedhani nilikuwa nashika kiapo cha marehemu. Lakini kiapo kilikuwa cha wakati alipokuwa hai, na yeye alikwisha kuzikwa zamani. Miaka yote iliyofuata nilikaa na neno ambalo lingempa mzee huyu usingizi, na nililificha kwa kuwa nilitaka aumie, maana yeye alikosea kwenye daftari, na mimi nilisali rozari mbili nikanyamaza, na nisipojilaumu mwenyewe palibaki yeye tu wa kumlaumu. Nikamwambia hivyo, neno kwa neno. Alipoteremsha mikono, alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaushika kwenye kifundo, juu ya saa yangu, na hakuuachia mpaka jua lilipoondoka barazani.